Hisa Kumi na Tano za Wamboi

Jumapili, 17 Machi

Mvua imeanza tukiwa kanisani, na kufikia wimbo wa mwisho hatukusikia hata kinanda. Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja chumba cha binti yetu Rachael. Godoro limelowa upande wa miguu. Hakuna anayelala humo siku hizi, lakini ni godoro zuri. Nimeweka beseni juu ya kitanda na sufuria kubwa chini, na ninapoandika nasikia matone yakijibizana.

Nimemwambia Gerishon, kwa mara ya tatu mwaka huu, auze hisa kidogo tubadilishe mabati ya upande wa nyuma.

"Mtu hauzi ng'ombe siku amekonda," akasema.

"Amekonda miaka kumi na miwili, Baba Rachael."

"Basi sasa ndio anaanza kunenepa. Ngoja uone mwezi wa nne."

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma pale Uzi Bora, hapa Thika, kwa miaka ishirini na tisa. Mwaka aliostaafu ndio kampuni iliingia soko la hisa, na wafanyakazi wakaambiwa watahudumiwa kwanza. Aliweka karibu malipo yake yote. Alinunua hisa elfu ishirini na nne, kila moja shilingi kumi na moja. Leo hisa moja ni senti arobaini na tano. Nilifundisha darasa la nne maisha yangu yote, na hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Lakini tumekaa pamoja miaka arobaini na mitatu, najua ya kusema mara moja na ya kunyamazia.

Jumatano, 20 Machi

Mvua mchana kutwa. Nimepika githeri. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 23 Machi

Salim alikuja kunywa chai. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani Kamenu, ukuta kwa ukuta na sisi, na ndiye rafiki wa Gerishon tangu ujana wao. Hata hisa zake elfu nane alizinunua kwa sababu Gerishon alinunua. Kila mwaka walikuwa wakienda pamoja kwenye mkutano mkuu wa wenye hisa kwa pikapu ya Salim, wamevaa koti na tai kama wanaokwenda kuposa.

Leo mazungumzo yalikuwa hayo hayo. Kampuni imeita mkutano wa dharura. Wakurugenzi wanataka kuunganisha hisa: mwenye hisa ishirini atabaki na moja, na bei ya hiyo moja itakuwa mara ishirini ya ile ya zamani. Badala ya senti arobaini na tano, itasomeka shilingi tisa. Wanasema hisa ya senti inaonekana kama takataka, na wanunuzi wakubwa hawaigusi.

"Mzee Gachau," Salim akamwambia Gerishon, "mimi nauza misumari. Nikikuhesabia mmoja mmoja au nikikufungia kwa pakiti, chuma ni kile kile."

"Wewe hujawahi kufanya kazi kiwandani. Mimi nawajua wale watu."

"Sikatai. Nauliza tu. Bei itapanda kwa sababu wameuza nguo zaidi, ama kwa sababu wamehesabu upya?"

Gerishon alicheka akamwongezea chai. Salim naye hakumsukuma, alianza kuzungumzia macho ya mkewe Amida, kwamba siku hizi anamwagia chai nje ya kikombe.

Alhamisi, 28 Machi

Mkutano ulikuwa leo, kwa simu. Tangu wakati wa korona hawakusanyi watu tena. Unaingiza nambari ya akaunti yako, unabonyeza moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana.

Gerishon alivaa tai. Aliketi mezani, miwani puani, simu mbele yake imesimamishwa kwenye kopo la sukari. Alipiga kura ya ndiyo. Kisha akaingiza nambari nyingine, ile aliyoikariri kuliko ya kwake, akabonyeza ndiyo tena.

Hiyo ya pili ni ya Wamboi.

Niandike vizuri, maana hata mimi sijawahi kuiandika. Rachael ni mtoto wetu wa pekee. Alizaa binti bila mume, akampa jina langu, Wamboi, kama desturi yetu inavyotaka. Kwa sababu alikuwa na jina langu, Gerishon alimwita mke wake mdogo, na mtoto alikubali cheo hicho kwa maringo. Kila siku yake ya kuzaliwa babu yake alimnunulia hisa tatu. Vijana wa ofisi ya ajenti walikuwa wakimcheka, ati ada ya kununua inashinda hisa zenyewe. Alipokuwa na miaka minne alimpeleka kwenye mkutano mkuu. Mtoto alivikwa kofia ya Uzi Bora ikamfunika macho, akala kuku wake na wa guka, kama alivyomwita babu yake, akarudi nyumbani amelala begani.

Alifika hisa kumi na tano. Alikufa kwa nimonia akiwa na miaka mitano, mwezi wa tano, mvua kama hii. Itatimia miaka sita. Akaunti yake hakuna aliyeifunga. Gerishon alisema aliyefunga ni Mungu, sisi tuache vitu vingine jinsi vilivyo.

Baada ya kura alifungua tai. "Wamboi amepiga kura," akaniambia. Nikasema vyema.

Jumatatu, 1 Aprili

Jana ilikuwa Pasaka. Rachael hakuja. Alituma pesa ya kuku. Ruiru si mbali, dakika ishirini barabara ikiwa wazi. Hajalala katika nyumba hii tangu tulipomzika mtoto. Nimechoka kumtetea kwa watu wa kanisa. Siku nyingine nafikiri nilizaa mtu mwenye moyo wa baridi.

Jumanne, 9 Aprili

Kuvu kwenye ukuta wa chumba cha Rachael. Nimesugua kwa dawa ya madoa. Imerudi.

Jumatatu, 15 Aprili

Gerishon alitoka asubuhi kwenda kwa Njau, kijana wa ajenti wa hisa mjini. Saa sita akarudi na kilo mbili za nyama.

"Tisa!" akasema kabla hajafika mlangoni. "Mwalimu, shilingi tisa! Nimeiona kwa macho yangu kwenye kioo cha kompyuta."

Mchinjaji alikuwa ameambiwa. Mama wa mboga ameambiwa. Jirani wa ng'ambo alikuja kumpa mkono, na Gerishon akaupokea kama mtu aliyeozesha binti. Sijamwona akicheka hivyo tangu mtoto alipokuwa hai, na hiyo ndiyo sababu nilingoja amalize kula.

"Una hisa ngapi sasa?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Mara tisa ni elfu kumi na mia nane."

"Ndio hivyo."

"Na juzi, elfu ishirini na nne kwa senti arobaini na tano, ilikuwa ngapi?"

Alisukuma sahani. Najua alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo. Yeye si mjinga, alikuwa akipima nyuzi kwa milimita.

"Wewe unatazama hesabu," akasema mwishowe. "Mimi natazama inakoelekea. Watu wakubwa wakiona hisa ya tisa watanunua. Ikifika ishirini nitauza nusu, na nitakupigia paa lote, si upande wa nyuma peke yake."

"Uza leo. Tupate japo mabati ya chumba kile."

"Mama Rachael, tafadhali. Niache nifurahi hata siku moja."

Nimemwacha. Nyama ilikuwa nzuri.

Jumatano, 17 Aprili

Salim aliuza zake zote jana, kwa shilingi tisa kasoro kidogo. Njau ndiye aliyeponyokwa na maneno. Gerishon alirudi hana rangi.

"Miaka yote hii," akasema. "Hata hakuniambia. Mmoja akikimbia wengine wanaogopa, bei inaanguka. Watu kama yeye ndio wanaoiangusha."

Nikasema hisa mia nne haziwezi kuangusha kampuni. Hakutaka kusikia. Jioni alipita mbele ya duka la Salim akitazama barabara. Salim alisimama mlangoni na salamu yake mdomoni. Mimi pia nilikasirika, nakiri. Rafiki wa miaka mingi angesema neno.

Jumatatu, 22 Aprili

Saba na senti ishirini. Njau anasema wanunuzi ni wachache, kwani hata hisa zenyewe zimekuwa chache sokoni, na aliye na haraka ya kuuza anashusha bei mpaka apate mtu. Gerishon anasema ni upepo.

Alhamisi, 25 Aprili

Mto Chania umejaa. Watu wanakwenda kutazama maporomoko, maji yamekuwa ya kahawia kama chai ya maziwa. Nyumba za bondeni zimehamwa. Beseni sasa namwaga mara nne kwa siku.

Jumanne, 30 Aprili

Shule hazijafunguliwa kwa sababu ya mafuriko. Sita na kumi.

Ijumaa, 3 Mei

Tano na hamsini.

Jumanne, 7 Mei

Nilikuwa nachambua mchele Rachael alipopiga simu. Yeye hapigi mchana, yuko kazini, anauza dawa katika duka moja karibu na stesheni ya Ruiru. Nikajua kuna jambo.

"Mami," akasema. Nilisikia watu nyuma yake, mtu akiuliza dawa ya kikohozi.

"Rachael? Ni nini?"

"Wamenitumia shilingi sita."

"Nani?"

"Sita na senti sabini na tano. Wameandika, mpendwa mwenye hisa Wamboi. Ati hisa zako kumi na tano hazikutosha kufanya hisa moja. Ati pokea malipo yako ya mwisho, asante kwa kuwa nasi." Hapo sauti yake ilipasuka. "Mami, niko hapa na wateja. Wameniambia asante kwa kuwa nasi."

Akaunti ya mtoto iliandikishwa kwa simu ya Rachael, kwa kuwa yeye ndiye mama. Nilikuwa nimesahau. Sidhani Gerishon alikuwa amesahau, lakini nafikiri hakuwahi kuwaza maana yake.

Mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alisikia, maana simu yangu inapayuka. Alichukua kofia akatoka, nami nikamfuata na mwavuli hadi mjini.

Njau ana ofisi ndogo ghorofani, meza moja na kompyuta mbili. Ni kijana mwenye heshima, alisimama kutupa viti.

"Nitazamie akaunti ya Wamboi," Gerishon akasema.

Njau alibonyeza. "Guka, hii imebaki sufuri. Unaona, ishirini ndio zinafanya moja. Mwenye chini ya ishirini hapati hata moja, analipwa pesa anatoka kwa orodha. Wako wengi sana. Hata wengine walikuwa wazee wa kiwanda kama wewe, walikuwa na kumi, kumi na mbili."

"Hawakusema."

"Ilikuwa imeandikwa kwa ile ilani, guka. Ukurasa wa nyuma."

"Basi toa kwangu. Toa ishirini, toa mia, uweke pale kwake. Mimi ninazo."

"Inawezekana, lakini kuna makaratasi. Huyu mtoto ana miaka mingapi sasa? Kama amefikisha kumi na nane lazima aje mwenyewe na kitambulisho."

Gerishon alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta umri, akihesabu, kama kwamba kuna hesabu ya kufanya. Nikamsaidia.

"Ametutoka, Njau. Zamani."

Kijana aliondoa mikono kwenye kibodi. "Pole, shosho. Pole sana, guka. Sikujua." Kisha, polepole, "Basi haiwezekani. Hata akaunti yenyewe haikufaa kuachwa wazi."

Gerishon aliendelea kutazama kioo. "Nilipiga kura," akasema. "Njau, nilimpigia kura ya ndiyo kwa mkono wangu mwenyewe."

Njau hakuelewa. Mimi nilielewa, nikamshika kiwiko tukashuka ngazi.

Jumatano, 8 Mei

Tumekwenda Ruiru. Rachael anakaa chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu. Nimefika pale mara mbili tu, na mara zote nilikaa kama mgeni, mkoba magotini. Alikuwa ametoka kazini, hajabadilisha koti jeupe. Alitupa chai. Macho yalikuwa yamevimba.

Gerishon alianza kuomba msamaha vibaya, kama wanaume wa rika lake wanavyoomba. Alieleza kampuni ilivyofanya, ukurasa wa nyuma, ishirini kwa moja. Alisema ataandika barua kwa wakurugenzi.

"Baba, wacha kampuni," Rachael akasema.

"Walimfuta jina."

"Mimi nilitaka lifutwe!"

Nikaweka kikombe mezani.

"Kila mwaka," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "simu inalia. Mpendwa mwenye hisa Wamboi, unaalikwa. Mpendwa mwenye hisa Wamboi, hakuna gawio mwaka huu. Nikiwa kazini, nikiwa sokoni, siku moja nikiwa kwa daktari wa meno. Kila mara naona jina na kwa dakika moja nafikiri ni yeye. Unajua hiyo dakika, Baba?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Kwenu ni kama amesafiri. Kofia yake iko kwa msumari. Unampigia kura. Nikija pale hakuna mtu anasema amekufa."

"Nilitaka abaki na kitu," Gerishon akasema. "Kitu chake mwenyewe, hata kama ni kidogo."

"Alibaki na mimi. Mimi ndio kitu chake. Na miaka sita hujaniuliza hata siku moja vile alikufa."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Gerishon alitazama mikono yake, ile mikono mikubwa ya kufungua mitambo. Nilingoja aulize hilo swali. Hakuuliza. Labda hakuweza. Rachael naye alingoja, nilimwona akingoja, halafu akainuka akakusanya vikombe.

"Barabara itajaa maji," akasema. "Afadhali mwende."

Kwenye ngazi nilitaka kurudi nimkumbatie. Sikurudi. Niliogopa kumwacha Gerishon ashuke peke yake.

Miaka sita nimesema ana moyo wa baridi.

Jumapili, 12 Mei

Gerishon hakwenda kanisani. Ameondoa kofia ya mtoto kwenye msumari, ameikunja, ameshindwa pa kuiweka. Nimeiweka sandukuni na vitu vyangu.

Alhamisi, 16 Mei

Nne na senti tano.

Jumatatu, 20 Mei

Leo ameuza. Sikumwambia, alikwenda mwenyewe. Shilingi tatu na senti themanini. Elfu nne mia tano na sitini, na baada ya ada ya ajenti imebaki elfu nne mia nne na kitu. Aliweka noti mezani, akaketi.

"Miaka ishirini na tisa," akasema.

Mara ya mwisho nilimwona akilia ni kaburini. Hata leo hakulia hasa, alipumua kwa shida tu, kama mtu aliyepanda kilima, na nilimsugua mgongo mpaka akatulia. Kisha akasema, "Nunua mabati. Ya chumba cha Rachael."

Hakutaka kwenda kwa Salim. Nimekwenda mimi.

Jumanne, 21 Mei

Salim alinitolea mabati matano kwa bei nzuri na hakunifanya nimwombe. Tulipokuwa tunangoja risiti nikamwuliza, kwa sababu nimechoka na watu wasioulizana.

"Salim, kwa nini uliuza bila kumwambia?"

Alikuna ndevu. "Mwalimu, Amida haoni. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia daktari alisema lifanyiwe upasuaji haraka ama nalo litakwenda. Nilihitaji kila shilingi. Ningemwambia mzee, angeniambia ngoja. Na mimi ningengoja, kwa sababu ni yeye. Siwezi kumkatalia yule mtu." Akatazama upande wa nyumba yetu. "Nilikuwa nakuja kumweleza ile jioni. Akapita akitazama barabara."

"Na Amida?"

"Kwa jicho la kulia anaona. Alinitambua hata akanitukana, ati nimezeeka."

Tulicheka kidogo. Kisha nilimwambia habari ya mtoto, kura na shilingi sita. Aliketi juu ya gunia la saruji akafunika uso. Yeye ndiye aliyewabeba kwenye pikapu siku ile ya mkutano, mtoto katikati yao.

Jioni fundi alipokuja kupigilia mabati, Salim alikuja nyuma yake na misumari mkononi. Gerishon alikuwa ameshikilia ngazi. Walitazamana. Salim alishika mguu wa pili wa ngazi. Wakaishikilia hivyo hadi fundi akamaliza, na baadaye Gerishon akasema, "Amida anaendeleaje?"

Jumatano, 22 Mei

Mvua usiku kucha. Chumba cha Rachael kikavu. Sebuleni bado panavuja.

Jumapili, 26 Mei

Leo ni ile siku mtoto alipotuacha. Kila mwaka tunakwenda ibada ya kwanza, tunatoa sadaka, tunarudi nyumbani na kila mmoja anatafuta kazi ya mikono.

Tulipotoka kanisani Rachael alikuwa amekaa kwenye kizingiti chetu. Amelowa mabega. Hakuwa amepiga simu. Mimi ndiye niliyemwandikia ujumbe juzi, maneno machache: paa la chumba chako limetengenezwa, na mimi nataka kujua. Hakujibu, nikafikiri nimeharibu.

Nilimpa kitambaa cha kujifuta na sweta langu. Tulikaa sebuleni, sisi watatu, sufuria ya matone katikati ya miguu yetu. Nilikuwa karibu kuinuka kupika, maana ndiyo tabia yangu mbaya, Gerishon akanishika mkono nikae.

"Rachael," akasema. "Niambie vile ilikuwa."

Alimtazama babake. Kisha akatueleza. Jinsi mtoto alivyoanza kuhema jioni. Jinsi walivyofika hospitali na benchi limejaa, akamshika magotini kwa saa nyingi, amemfunga kwa leso. Jinsi mtoto alivyokuwa na joto, kisha baridi. Mengine sitayaandika hapa. Ni yake.

"Sikuwapigia," akasema. "Ndio hiyo. Nilikuwa na simu mkononi. Nikasema mvua ni nyingi, wamelala, Baba atapata shida njiani. Nikasema nitawapigia kukicha. Mkikaa pale na ile kofia kwa ukuta, nilikuwa naona mnajua. Naona mnanilaumu."

"Hatukujua," nikasema. "Hatukuwahi kukulaumu, mwanangu."

Gerishon alikuwa ameinama, viwiko magotini.

"Alituulizia?" akasema.

"Alikuulizia wewe. Alisema, guka anakuja?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia uko njiani."

Maji yalidondoka sufuriani. Gerishon alipangusa uso kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

"Akasema nini?"

"Akasema sawa."

Basi alilia, mzee wangu, kwa sauti, mdomo wazi kama mtoto, na Rachael aliondoka kwenye kiti chake akaja kupiga magoti kati ya miguu yake, na mimi niliwaacha hivyo. Sikwenda jikoni. Nilikaa.

Jumapili, 2 Juni

Jua tangu asubuhi. Rachael alikaa wiki nzima, alikwenda kazini akitokea hapa. Leo alasiri amerudi Ruiru. Gerishon alimsindikiza hadi stejini kupanda matatu, akarudi polepole, akaingia chumba cha Rachael kufungua dirisha. Akaniita.

Ameacha nguo mbili kabatini.